Katibu Aliyetafsiri Vitisho

Katibu hakupokea simu kabla haijalia mara tatu. Aliitazama tu, mikono juu ya meza, miwani imeteremka puani, na ilipolia mara ya tatu ndipo alipoinyanyua na kutaja jina la kitivo kwa Kifaransa kilichonyooka kama kimepigiwa rula. Siku moja nilimuuliza kwa nini.

"Ukipokea mara moja, batu banafikiri hauna kazi," akasema. "Ukikawia, banafikiri hauko. Mara tatu, bon, banajua uko, na uko na kazi."

Sisi tuliotoka Kongo tulimwita Maman Secrétaire, hata wale waliokuwa na mama zao hapa hapa Brussels. Hapa nitamwita Katibu. Jina lake nalijua vizuri ila sitaki kuliandika, na ile "Maman" siku hizi siitamki. Nilimjua kwa miaka minne pale chuoni, na baadaye nikaja kuonana naye mara moja tu. Nimejaribu kumsimulia kwa marafiki nikashindwa. Nikianza na ubaya wake najikuta nimefika kwenye wema, na nikianza na wema, sauti inanitoka vibaya.

Nilifika kutoka Bukavu mwezi wa kumi, nikiwa na koti la kuazima ambalo vifungo vyake havikufika upande wa pili. Katibu aliliangalia kupitia dirisha la ofisi na hakusema neno. Kesho yake alinisukumia mfuko juu ya meza. Ndani mlikuwa na koti jekundu la sufu, zito, limefuliwa na kupigwa pasi.

"Ilikuwa ya mutoto yangu," akasema bila kuinua macho. "Yeye sasa amenenepa. Donc, vaa."

Wiki ileile alitumia saa yake ya chakula kunisindikiza commune, ile ofisi ya serikali ya mtaa, Etterbeek nilikopanga chumba, ili nikaandikishe makazi yangu. Mfanyakazi wa pale aliandika jina langu vibaya mara mbili. Katibu alimsahihisha mara mbili, kwa adabu ileile, na mara ya pili akamwomba aone skrini kwa macho yake. Tulipotoka nje alikula mkate wake tukiwa tunatembea, akanikatia nusu.

Alikuwa na lugha mbili, na kila moja ilikuwa na mahali pake. Dirishani hakuongea Kiswahili hata kidogo. Alituita Monsieur na Mademoiselle, hata kama jana yake alikuwa amekupikia sombe, kisamvu cha kwetu, nyumbani kwake Evere. Kwenye ukumbi mwembamba, karibu na mashine ya fotokopi, Kiswahili cha Bukavu kilimtoka kama maji, akicheka, mkono begani mwako. "Ku guichet, miye ni université," alikuwa akituambia. "Ku corridor, miye ni maman yenu." Tuliizoea. Kila mmoja alijua amesimama wapi na ataongeleshwa vipi.

Karatasi aliiheshimu kuliko mtu. Kila barua iliyoingia aliigonga muhuri wa tarehe, na nilimshuhudia akigonga muhuri kadi ya pongezi tuliyompa siku yake ya kuzaliwa. "Kama haiko kwa karatasi, haiko," alisema. Lakini miadi yake mwenyewe aliiandika kwa kalamu kwenye kiganja cha mkono, na Jumatatu ungeweza kusoma humo mambo ya kanisa ya jana yake. Aliwakemea wanafunzi wanaochezea simu, na kanisani simu yake ililia kama vifaranga ndani ya mkoba mahubiri yote. Bintiye, muuguzi, alimtumia picha za kila chakula alichokula. Katibu alituonyesha zote. Nadhani hapakuwa na mtu katika kitivo kile asiyejua binti wa Katibu alikula nini Jumamosi.

Kila mwaka wageni walipofika, uongozi ulimpa saa moja ya kuwaeleza kanuni za chuo. Makatibu wengine walisoma tu kurasa. Katibu aliigiza. Kifungu alichokipenda ni kile cha simu na ujumbe wa elektroniki: ni marufuku kutumia simu, barua pepe au mtandao wowote kumtisha mtu, kumdhalilisha, au kumsumbua tena na tena, hata kwa simu ambayo mpigaji hasemi kitu. Alikuja na simu ya mezani ya zamani, waya unaning'inia, akaweka mkono wa simu mdomoni na kunyamaza. Alipumua tu. Ukumbi ulicheka. Akaendelea kupumua. Kicheko kikapungua, kikaisha, na watu wakaanza kujisogeza kwenye viti. Hapo ndipo aliposhusha ile simu.

"Mmeona? Sijasema kitu," aliwaambia kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili yetu tuliokaa nyuma. "Na hii pia ni kosa. Mutu akikufanyia vile, usijibu, usifute. Chapisha yote, uniletee."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari. Wanjiru, Mkenya niliyekuwa nakaa naye Etterbeek, aliniinamia akanong'ona, "Huyu mama ako serious. Mimi nikipata kesi, nampelekea yeye."

Aliyepata kesi ni mimi.

Mwaka wa mwisho niliandika tasnifu kuhusu maporomoko ya udongo Bukavu. Nyumba ya shangazi yangu ilishuka na kilima, yeye akiwa sokoni, na tangu hapo nilitaka kujua ardhi ile ina nini. Profesa wangu alikuwa na shughuli nyingi, kwa hiyo kazi yangu ilisimamiwa na msaidizi wake, kijana wa Lubumbashi mwenye sauti ya chini, aliyeimba kwaya katika kanisa lilelile la Evere alikosali Katibu. Mwanzoni aliniandikia kuhusu vipimo na ramani. Kisha akaandika: Mbona haujibu? Niko naona umesoma. Kisha: Ile koti nyekundu inakupendeza, nakuona ku dirisha. Nilimjibu kwa heshima kwamba napenda tuongee mambo ya kazi tu. Tangu siku hiyo lugha ikageuka. Uko unajifanya mukubwa. Bila miye hautamaliza hapa. Najua kwenye unashukia bus.

Simu zikaanza, za namba iliyofichwa. Alasiri moja, nikiwa maabara, zilikuja mara kumi na tisa. Nilipokea ya kwanza na ya mwisho. Zote mbili nilisikia mtu anapumua.

Ujumbe ulionipeleka kwa Katibu ulikuwa mfupi: Ntakumaliza, na hakuna mutu atauliza.

Nilichapisha yote, kurasa kumi na moja, pamoja na orodha ya zile simu. Katibu aliponiona dirishani alisoma uso wangu kabla ya kusoma karatasi. Akafunga dirisha, akatoka, tukasimama pale kwenye mashine ya fotokopi. Alisoma ukurasa mmoja mmoja. Alipofika kwenye jina la mtumaji, midomo yake ilicheza.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, Maman."

"Na namba ni yake?"

"Ni yake. Ndiyo anayotumia kunitumia ramani."

Akazipanga kurasa kingo kwa kingo. Kisha akarudi ndani, akagonga muhuri kila ukurasa, mara kumi na moja, nami nikasikia kila pigo likinituliza. "Commission haisome Swahili," akasema. "Nitaitafsiri miye mwenyewe. Weye enda ulale."

Nililala vizuri usiku ule kuliko nilivyolala mwezi mzima.

Wanjiru hakufurahi nilipomweleza. "Hapana, listen. Tafsiri ifanywe na mtu wa nje. Yeye anafanya kazi na hao watu."

"Huyo ndiye mama yangu hapa," nikamjibu, na nilimjibu kwa ukali. Siku mbili hatukuongea.

Tume ya chuo, ile Commission, ilikaa asubuhi, wiki tatu baadaye, katika chumba chenye meza ndefu. Walikuwa watu watatu, na mwenyekiti alikuwa profesa mwanamke mwenye sauti ya upole. Msaidizi aliketi upande wa pili, suti ya kijivu, mikono imekunjwa. Katibu alikuwa mwisho wa meza, akiandika kumbukumbu za kikao. Nilimtabasamia. Alikuwa ananoa penseli.

Mwenyekiti alianza kusoma tafsiri kwa sauti. Mwanzoni nilifikiri amechanganya mafaili. Ule ujumbe wa kituo cha basi ulikuwa umegeuka ahadi ya kunisindikiza. Orodha ya simu haikuwamo. Kisha akafika kwenye ule ujumbe mfupi, akausoma polepole, kwa Kifaransa kizuri sana: nitakumalizia, na hakuna mtu atakayeuliza.

Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kilichofanyika. Kati ya kummaliza mtu na kummalizia kuna silabi moja. Katibu aliiongeza.

Mwenyekiti aliweka karatasi mezani na kuniangalia. "Mademoiselle, naomba unijibu kwa ukweli. Msaidizi alikuwa anakuandikia tasnifu yako?"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba anayehojiwa sasa ni mimi. Nikasema hayo siyo yaliyoandikwa. Nikamgeukia Katibu, na kwa hofu nikasahau tuko wapi. "Maman, baambie. Baambie vile imeandikwa."

Aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa uleule wa dirishani. "Mademoiselle," akasema kwa Kifaransa, "naomba utumie lugha ambayo tume inaielewa."

Mwenyekiti akamuuliza kama kuna neno la kurekebisha.

"Hapana, Madame. Tafsiri ni sahihi."

Kisha akainama na kuandika jibu lake mwenyewe katika kumbukumbu. Nilisikia penseli inavyokwaruza karatasi. Msaidizi hakuniangalia mimi. Alimwangalia yeye, na nilishindwa kuelewa yale macho.

Barua ilikuja baada ya siku tano. Malalamiko yangu yalikuwa hayana msingi wa kutosha; msaidizi alishauriwa awe mwangalifu katika mawasiliano. Mimi nilifunguliwa faili la udanganyifu katika tasnifu, na kazi yangu ikasimamishwa. Kadi yangu ya ukaazi ilikuwa inategemea masomo. Niliweka ile barua chini ya mto kama mtoto anayeficha kikombe alichovunja.

Jumapili nilikwenda Evere, kanisani kwao. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu aniangalie mahali ambapo hakuna dirisha. Kabla ya sadaka mchungaji alitangaza kwamba kuna furaha katika familia, akawaomba vijana wawili wasimame. Binti wa Katibu alisimama, amevaa njano, mwenye uso wa upole niliouona kwenye picha nyingi za simu. Aliyesimama kando yake, mkono kiunoni mwake, alikuwa msaidizi. Watu walipiga vigelegele. Katibu alikuwa mstari wa mbele, kitenge kipya, kilemba kirefu. Aligeuka kuwashukuru waumini, na macho yake yakanipata nikiwa karibu na mlango. Aliinua kidevu kidogo, kama alivyomfanyia mtu aliyefika ofisini baada ya saa za kufunga. Nikatoka.

Katika miaka ile yote alituonyesha kila sahani ya binti yake. Mchumba hakumtaja hata mara moja.

Wanjiru hakusema "nilikuambia." Alichukua zile kurasa, akaulizauliza, akampata mtafsiri aliyeapishwa, mzee wa Kitanzania aliyeishi mitaa mitatu kutoka kwetu. Alitukaribisha jikoni kwake, akasoma akiwa na kalamu mkononi, na alipofika kwenye ule ujumbe akavua miwani. "Binti," akasema, "neno hili halina maana mbili." Aliandika tafsiri yote jioni ileile tukimsubiri, na mkewe akatupa chai.

Tulipoandika rufaa, Wanjiru alitaka tuseme wazi kwamba Katibu alitafsiri uongo kwa makusudi. Niliandika sentensi hiyo mara tatu na mara tatu nikaifuta. Mwishoni niliandika kwamba katika tafsiri ya kwanza kulitokea makosa. Wanjiru aliisoma, akanitazama, akafunga kompyuta. Najua alichofikiri. Lakini lile koti lilikuwa bado limetundikwa mlangoni, na sikuwa na lingine.

Rufaa ilipita kwa nusu. Faili langu la udanganyifu lilifungwa. Msaidizi alikatazwa kuniandikia au kunipigia kwa njia yoyote, na kusimamia kazi yangu; mkataba wake ulipokwisha alipata kazi mji mwingine. Kuhusu tafsiri hapakuandikwa neno. Katibu alistaafu mwaka uliofuata kwa maua na hotuba. Kadi ya kumuaga ilizunguka madarasani, ikanifikia imejaa majina. Niliishika kidogo, nikampa aliyeketi nyuma yangu. Nilimaliza kwa kuchelewa mwaka mzima. Leo ninapima udongo katika kampuni ndogo, na kazi yangu naipenda.

Nilikutana naye tena Jumamosi moja, mchana, katika maduka ya Galerie d'Ixelles. Nilikuwa saluni nikisubiri zamu ya kusuka. Aliingia akichechemea, amepungua, wigi limekaa upande. Viti vinne vilikuwa vitupu. Akachagua cha mbele yangu.

"Unanijua bado?"

"Nakujua."

"Nilisikia ulimaliza. Nilifurahi."

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimebeba swali moja, na sehemu yangu moja ilitamani bado anipe jibu jepesi, kwamba macho yalimchanganya, kwamba alitafsiri kwa haraka. Nikaliuliza. "Ulisoma vibaya, ao ulifanya makusudi?"

Alishika mkoba wake kwa mikono miwili. "Nilisoma muzuri. Nilikuamini tangu page ya kwanza."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa uongo, kwa machozi, kwa Mungu. Kwa hilo sikuwa nimejitayarisha. Miaka yote nilidhani hakuniamini.

"Ulijua," nikasema, "na ukamupa mutoto yako?"

Msusi alipunguza redio, akajifanya anatafuta kitana. Katibu aliongea akiangalia sakafu. "Dot, mahari, ilikuwa imepangwa. Famille yake ilikuwa imeisha kuya ku nyumba yetu. Nikasema ni kijana, atatulia." Akaendelea kwa sauti ndogo zaidi. "Na nilisema kitu ingine ndani ya roho yangu. Nilisema, kama hasira yake inaenda kwa ule mutoto wa batu, basi kwa wangu haitafika. Ni vile nilifikiri. Sitakuambia uongo mara ya pili."

Alikuwa ameniweka pale kama mtu anavyoweka ndoo chini ya paa linalovuja, akaenda kulala.

"Ikafika?" nikauliza.

"Mutoto yangu ananipigia mchana tu, akiwa ku kazi," akasema. "Ku nyumba, simu yake bwana ndiye anaishika. Balikuwa na mutoto mwaka jana. Alisikia ya ile kesi yako, sasa ananiuliza juu yako. Anataka kujua vile ulifanya, ulianzia wapi. Miye siwezi kumwambia, unaelewa? Siwezi. Nipatie namba yako."

Alikuwa mwanamke mzee mwenye goti bovu, na nilimchukia, na chuki ile ilinichosha. Niliomba karatasi kwa msusi, nikaandika namba, na chini yake jina la yule mzee mtafsiri.

"Hii ni ya mutoto yako," nikamwambia. "Aniite saa yote. Weye usiniite."

"Sawa."

Aliikunja mara nne, akaiingiza kifuani ndani ya nguo. Alisimama kwa shida, akauliza kama ninaweza kumsindikiza mpaka kituo cha basi, kwa sababu ya goti. Mwili wangu ulikuwa tayari umeanza kuinuka.

"Hapana," nikasema, nikakaa.

Aliitikia kwa kichwa, akatoka. Nilimwona kupitia kioo akipita polepole mbele ya maduka, mkono mmoja ukigusa madirisha, mpaka watu wakamficha. Msusi akanigeuza kiti, akaanza kunichana.

"Ule maman ni nani yako?" akauliza.

"Alikuwa katibu wa chuo," nikamwambia.